Mwaka Tulipoonekana Matajiri

Msibani kwa Bi Somoe, kule Kitangari, wanawake wote walikaa kwenye mikeka isipokuwa mimi. Mimi waliniletea kochi. Nilikataa kwa adabu, wakasisitiza, nikakataa tena, mpaka binti mkubwa wa marehemu akaninong'oneza kwamba kwa jinsi anavyoyaona magoti yangu, nikikaa chini sitainuka, na afadhali nisiwape watu kazi ya kuniinua wakati wanalia. Nikakaa. Lilikuwa kochi la mninga lenye mikono mipana, limevikwa kitambaa kipya cha rangi ya ugoro, na nililitambua kwa kiganja kabla ya kulitambua kwa macho. Kwenye mkono wa kulia kulikuwa na kovu la pasi ya mkaa, lilelile, limelainika kwa kushikwa na watu wa miaka yote hiyo. Niliwahi kulikalia mara moja tu, nikiwa msichana wa darasa la saba, sebuleni kwetu wenyewe, mchana mmoja, huku nimekatazwa kuegemea. Nikacheka. Nilijitahidi kicheko kiishie ndani ya kanga, lakini mabega yalinisaliti, na mama mmoja jirani akanipapasa mgongoni akisema pole mwanangu, pole, wewe alikupenda sana. Hilo lilikuwa kweli. Bi Somoe alinipenda kiasi kwamba nusura mapenzi yake yaninyime shule.

Sitasimulia ukoo wetu. Hauna ajabu yoyote, na waliomo wanajijua. Inatosha kusema kwamba nyumbani tulikuwa Mama na mimi, na kwamba neno la mwisho katika mambo yangu lilikuwa la kaka yake Mama, Mjomba Dastani, kama ilivyo desturi kwetu, ambako mtoto ni wa mjomba wake kabla hajawa wa mtu mwingine. Bi Somoe alikuwa jirani yetu wa nyumba ya pili, mke wa karani wa chama cha ushirika, mwanamke mwenye sauti ya kupigia mbiu na moyo wa kuingilia kila jambo. Mwaka huo nilifaulu mtihani wa darasa la saba, lakini waliofaulu walikuwa wengi kuliko nafasi za shule za serikali, nami nikaachwa. Siku hizo kuachwa kulikuwa na maana moja tu: unashika jembe, unangoja mume. Mama hakutaka hata kulisikia hilo. Alinipeleka kwenye usaili wa shule mbili za bweni za kulipia, zote kule chini, ukishateremka mlima wetu, upande wa Masasi: moja ya masista, na nyingine mpya kabisa, ya tajiri mmoja wa korosho, njia ya kwenda Lukuledi. Niliingia kwenye usaili nikiwa nimekariri sayari zote za mfumo wa jua. Hakuna aliyeniuliza habari za sayari. Masista waliniuliza kama najua kufua shuka.

Shule zote mbili zilinikubali, na zote zilijua kwamba hatuwezi kulipa. Hapo ndipo nilipojifunza, mapema kuliko wengi, kwamba msaada wa ada una namna nyingi. Barua zilifika msimu wa korosho, kijiji kizima kinanuka mabibo yaliyoiva. Mama alikuwa uani anabangua korosho za kula nyumbani, vidole vimekuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda, kwa hiyo aliniamuru nimsomee huku Mjomba Dastani amekaa kwenye kigoda na kibuyu chake cha uraka, ile pombe ya mabibo. Ya masista ilikuwa fupi. Walitoa nusu ya ada, na wakasema mhasibu wao atapita nyumbani kuona hali yetu. Akiona inafaa, wataongeza. Ya tajiri ilikuwa na nembo ya rangi na maneno mawili yaliyopigiwa mstari: ufadhili kamili. Nilisoma maneno hayo mara mbili, kwa sauti ya mtu anayetangaza mshindi, na nakumbuka nilikuwa tayari nimeshajiona ndani ya bweni jipya lenye dirisha la vioo.

"Endelea chini," Mama akasema.

Chini kulikuwa na maandishi madogo. Ufadhili huo ulikuwa wa mwaka wa kwanza. Kuanzia mwaka wa pili ungebaki kwa wanafunzi watatu wa kwanza darasani, na atakayeshuka atalipa ada yote. Jibu lilitakiwa kabla ya Krismasi, kwa mkono, ofisini kwao. Mjomba alisema hilo si tatizo, mtoto huyu ana kichwa, atakuwa wa kwanza, nani wa kumshinda? Mimi nilikubaliana naye kabisa. Mama aliweka jiwe la kubangulia chini, akaniuliza siku ya usaili tulikuwa wangapi tuliopewa ahadi kama hiyo. Nikasema waliokaa benchi la upande wetu wote, wale waliofanya vizuri. Akauliza benchi lilikuwa refu kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mikono, na mikono haikutosha.

"Nafasi tatu," alisema Mama, "benchi zima." Akarudi kwenye korosho zake.

Mjomba alijaribu kuitetea barua yenye nembo kwa muda mrefu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda vitu kamili. Mama alimsikiliza bila kumkatiza, maana ndiye mwenye neno, kisha akamuuliza maswali mawili, moja baada ya jingine, kwa upole kama mtu anayemwongezea kinywaji. Je, akishikwa na malaria wiki ya mtihani? Je, hao wengine wa benchi, wao hawana wajomba wanaosema wana vichwa? Nimekutana baadaye maishani na maprofesa wa uchumi ambao hawakuwahi kuuliza maswali mazuri namna hiyo kuhusu chochote. Lakini Mama hakuitupa ile barua. Aliikunja akaiweka ndani ya Biblia, akasema tutangoja mhasibu wa masista aje kwanza, akiongeza msaada tutajua la kufanya, asipoongeza tutakuwa na mlango mwingine.

Siku hizi nimo kwenye kamati ndogo inayopitia maombi ya watoto wanaotaka kusaidiwa ada. Waombaji hutuma picha za nyumba zao kwa simu, na tunakaa mezani Dar es Salaam, na chai na sambusa, tukikuza kuta za watu kwa vidole viwili ili tuone nyufa. Kuna nyumba moja ya udongo, yenye mlango wa bati, ambayo imeshatumwa na familia zaidi ya moja, na pembeni yake amesimama mbuzi mweusi ambaye anazidi kunenepa kadiri familia zinavyobadilika. Wenzangu hukasirika sana. Husema watu wamekosa haya, wanaazima umaskini. Mimi hula sambusa. Ninatoka mahali ambapo tuliazima kinyume chake, tukaazima kwa bidii zaidi, na matokeo yalikuwa mabaya zaidi.

Habari kwamba mgeni anakuja kutoka kwa masista ilimfikia Bi Somoe kabla Mama hajaamua kama amwambie. Alikuja akiwa na upawa mkononi, ameacha chungu jikoni kwake. Aliuliza anakuja lini, anatoka wapi, ni mtu wa wapi. Tulisema ni Mwalimu Mushi, mhasibu, mtu wa Kilimanjaro. Bi Somoe akashika kiuno. Mtu wa kutoka mbali kiasi hicho, kapanda mlima mpaka huku kwetu juu, halafu akute nini? Akute kigoda cha Dastani? Mama alisema kwa sauti ndogo kwamba anakuja kutazama hali. Bi Somoe akajibu kwamba ndiyo, na hali ndiyo hiyo tunayokwenda kuitengeneza. Nataka kuwa mkweli kwa marehemu: hakuna hata mmoja wetu, hata Mama mwenye maswali yake, aliyeliona kosa. Mgeni ni mgeni. Kwetu mtu hakaribishwi na nyumba moja. Akiingia kwako, kila jirani ana sehemu yake ya kuaibika au kutoaibika. Kwamba kuna mgeni ambaye kazi yake ni kukuona ulivyo siku ambayo hukumtarajia mtu, mgeni anayekuja makusudi ili usimpe kitu, jambo hilo halikuwa na mahali pa kukaa vichwani mwetu.

Asubuhi ya siku yenyewe makochi ya Bi Somoe yalivuka njia yakiwa vichwani mwa vijana wake. Nyumba ya tatu ikaleta meza ndogo na vitambaa vilivyofumwa kwa uzi mweupe. Mwalimu wa shule yetu ya msingi akaleta redio, na saa ya ukutani ambayo ilibidi Mjomba apigilie msumari, msumari ukatoka na kipande cha ukuta, saa ikaegemezwa dirishani. Seti ya glasi ilitoka kwa mtu ambaye hata hatukuwa na maelewano naye mazuri. Jogoo alitoka kwa Bi Somoe. Na maji. Mtu asiyelijua eneo letu wakati ule hawezi kuelewa habari ya maji. Juu huku hakukuwa na kisima. Wanawake waliteremka bondeni na ndoo alfajiri wakarudi jua likiwa kali, na ndoo moja ilioga watu, ikafua, ikapika. Siku hiyo kila nyumba ilimimina chake ndani ya pipa letu mpaka likajaa, ili mgeni akitaka kuoga aoge kama mtu aliyezaliwa kando ya mto. Mama alikuwa amechemsha ming'oko kwa chakula chetu cha mchana, ile mizizi ya porini inayochimbwa wakati wa kiangazi akiba inapopungua. Bi Somoe alifunua sufuria, akaitazama, akaifunika na kuweka ungo juu yake. "Hii haijaonekana," akamwambia Mama.

Mwalimu Mushi alifika kwa pikipiki, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, mtu mrefu mpole mwenye mkoba wa ngozi alioukumbatia muda wote. Tulimpa maji ya kuoga. Alioga kwa muda mrefu. Tulisikia maji yakimwagika ukutani, na nyuso za majirani waliokuwa uani zilikunjamana kwa pamoja kila kata ilipomwagwa, kisha zikakunjuka kwa fahari. Alikula kuku aliyepikwa kwa korosho, wali, na glasi mbili za sharubati. Redio iliimba. Mimi nilikaa kwenye ncha ya kochi, nimevaa viatu vya binti wa Bi Somoe vilivyokuwa vidogo, nikijibu maswali kwa sauti ya mtu anayebanwa vidole. Aliuliza kama hizi ni korosho zetu, na Mjomba, aliyekuwa amevaa koti, akasema ni za kwetu, kwa maana ile ya kwetu sote. Aliuliza redio inatumia betri ngapi. Hakuna aliyejua. Alipokuwa akiondoka Bi Somoe alimfungia korosho za kubangua kwa ajili ya mkewe, akamwomba atusalimie masista, na pikipiki ilipopotea nyuma ya mikorosho uani kulilipuka vigelegele. Tuliona kwamba tumeshinda. Tulikula mabaki ya wali, halafu, maana wali haukuwatosha wote, tukala ming'oko.

Jibu la masista lilikuja baada ya wiki chache. Nililisoma peke yangu kwanza, nikidhani sikuelewa, kisha nikamsomea Mama. Walishukuru sana kwa ukarimu. Walisema mhasibu ameridhika kwamba familia ina uwezo, na kwa kuwa wapo watoto wenye shida zaidi, msaada wetu utakuwa robo, si nusu. Mama alikaa chini mlangoni. Bi Somoe alipoambiwa alifikiri kwanza tunamtania. Halafu uso wake ukapita hali mbili ambazo sijawahi kuona zikikaa pamoja kwenye uso mmoja: alikuwa ameumia kwa ajili yangu, na alikuwa amefurahi kwamba tulionekana watu. "Familia ina uwezo," alirudia taratibu, kama anaonja chumvi. Kisha akaanza kulia, akisema amemuua mtoto kwa mkono wake, na Mama akawa na kazi ya kumbembeleza yeye.

Mjomba alisema jambo ni rahisi, twende tukaseme kweli. Mama akamuuliza kweli ipi. Niende kwa mgeni aliyekula kwangu nimwambie kwamba kochi si langu, glasi si zangu, hata kuku si wangu? Na waliotoa vitu vyao, wataonekana walifanya nini? Kesi hiyo ilizungumzwa sebuleni kwetu siku nyingi, na mimi nikasikiliza kutoka jikoni huku nikijifanya napepeta. Mjomba alikuwa amerudi kwenye barua ya tajiri. Alisema hata kama ni mwaka mmoja, mwaka mmoja wa shule ni mwaka. Mama alisema mwaka mmoja wa shule ni njia ya kumrudisha mtoto nyumbani akiwa amejifunza kututazama kwa dharau. Nadhani alikuwa sahihi, ingawa kwa kudharau watu sikuhitaji mwaka mzima. Muhula mmoja ungenitosha. Hatimaye Mjomba, mwenye neno la mwisho, alitoa neno lake: tutakwenda Masasi, wote watatu, na kule Hilda atasema anachotaka kusema. Hilda ni Mama. Ilikuwa namna yake ya kumpa dada yake lile neno bila watu kujua kwamba amempa.

Tuliteremka siku ile ambayo ilikuwa ya mwisho kupeleka jibu kwa shule ya tajiri. Masasi ilikuwa inawaka. Sisi wa juu tumezoea ukungu na upepo, na kule chini majabali yale makubwa yanarudisha joto kama jiko. Mpango ulikuwa twende kwa masista kwanza, tupate jibu, ndipo tuamue kuhusu ile nyingine. Lakini Mwalimu Mushi alikuwa benki, na msichana wa mapokezi akasema atarudi mchana, huku ofisi ya tajiri mjini inafungwa saa sita. Tulikaa kwenye ukuta mfupi nje ya geti. Mama alikuwa na beseni dogo lililofungwa kwenye kanga, amelipakata tangu tulipopanda gari Newala, na hakutaka kusema lina nini. Mjomba alitazama jua. Alimwambia tusipokwenda sasa ule mlango unafungwa, na huku bado hatujaambiwa lolote. Mama alilikaza fundo la kanga. Nilikuwa katikati yao nikitazama vidole vyangu vya miguu, nikijua kwamba maisha yangu yanaamuliwa upande wa kushoto na upande wa kulia wa kichwa changu, na nikiomba, kwa aibu ninayoikumbuka, yale madirisha ya vioo.

"Nenda kawaambie asante," Mama akasema. "Waambie wampe nafasi mwingine wa lile benchi."

Mjomba alisimama, akalikung'uta koti, akaenda. Alikuwa mtu mzito kuamua na mwepesi kutembea. Aliporudi alikuwa amenunua miwa, tukaitafuna, na kuanzia hapo hatukuwa na mlango mwingine.

Mwalimu Mushi alitupokea vizuri. Aliuliza hali ya nyumbani, akamuulizia na yule mama mwenye sauti. Mama aliitikia salamu zote, hakuharakisha hata moja. Mimi niliambiwa nikae benchi la nje, lakini mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, na masikio yangu yamekuwa mazuri siku zote kuliko tabia yangu. Mwalimu akasema kama ni habari ya ile barua, yeye kwa kweli hana la kufanya, kamati imekaa. Mama akasema hakuja kwa ajili ya barua, amemletea chakula. Nilisikia kanga ikifunguliwa.

"Hii ni mizizi?" Mwalimu Mushi aliuliza.

"Ming'oko. Tunachimba porini. Siku ile uliyokuja ilikuwa jikoni, imefunikwa."

"Mbona hamkunipa?"

"Mgeni gani anapewa ming'oko, mwalimu?"

Nilichungulia. Alikuwa ameshika mmoja, anauzungusha, hajui aanzie wapi, na Mjomba akamwonyesha jinsi ya kuvua ganda kwa meno. Alitafuna kwa muda mrefu. Ming'oko si chakula cha kuhukumiwa haraka. Alipomeza, alifuta mikono kwa leso, akauliza polepole, kama mtu anayepima kila neno, kuhusu yale makochi.

"Yamerudi kwao," Mama akasema.

"Na redio?"

"Kwao."

"Na yule jogoo?"

"Yule ulimla, mwalimu," Mjomba akasema.

Hakucheka mtu. Mwalimu Mushi aliegemea nyuma mpaka kiti kikalia. Alisema basi tulimdanganya. Alisema bila hasira, kwa uchovu, kama mtu aliyetembelea nyumba nyingi. Na Mama, ambaye nilidhani atainamisha uso, akamjibu kwa sauti ileile aliyotumia kumuuliza Mjomba kuhusu malaria.

"Hatukukudanganya. Tulikukaribisha."

Mwalimu alisema anaelewa, hata kwao mgeni hapewi kila kilichopo jikoni, lakini yeye atawaandikia nini masista? Kwamba alikalia kochi la nani, akaoga maji ya nani? Mjomba akamwambia aandike kwamba tuna majirani. Alisema kama utani, lakini Mwalimu Mushi hakulichukua kama utani. Aliinuka akaingia chumba cha ndani kwa Sista Mkuu, na huko nilisikia vizuri zaidi, kwa sababu sista yule alikuwa na umri wa kutosikia na kwa hiyo wa kuongea kwa nguvu. Mwalimu alieleza. Sista akamuuliza tangu lini shule imeajiri mkaguzi wa makochi. Mwalimu akasema, Sista, nilitumwa kutazama nyumba nikatazama nyumba. Sista akasema ulitazama samani. Kikafuata kicheko kidogo cha mwanamke mzee, kisha akauliza majirani hao wanalima nini. Mwalimu Mushi akatoka kuja kutuuliza. Mjomba akasema korosho, muhogo, mbaazi. Mwalimu akarudi ndani. Sista akasema korosho hatuwezi kuwalisha wasichana, lakini mbaazi tunanunua sokoni kila mwezi, na bei imepanda.

Ndivyo ilivyokuwa. Nusu ya ada ikarudi, na nusu iliyobaki tungeweza kuileta kwa chakula, mbaazi na makopa ya muhogo, kila muhula, kwa jiko la shule. Na msaada huo ungeendelea mwaka hadi mwaka mradi nafaulu. Kufaulu tu, hawakusema kuwa wa tatu. Mama aliuliza mara mbili kuhusu hilo, na Mwalimu Mushi akaliandika juu ya karatasi mbele yake, akamsomea. Ile ming'oko iliyobaki aliomba apeleke kwake, akaifungua kanga vizuri, akaikunja na kumrudishia Mama kwa mikono miwili.

Mwezi wa kwanza nilikuwa msichana wa bweni, na godoro na ndoo na jembe ambavyo hakuna msaada unaovitaja vilikuwa vimepatikana kwa namna ambazo sikuuliza. Muhula ulipoanza Mama na Bi Somoe walikuja na lori la mizigo, na mimi nikaitwa stoo kusaidia kupokea. Magunia yalikuwa madogo madogo, si makubwa, na kila moja lilishonwa mdomo kwa kamba ya namna yake, kwa sababu kila moja lilitoka nyumba yake. Hata la yule mwenye glasi lilikuwepo. Bi Somoe aliyakagua yakipimwa, akamgombeza mpishi kwa jinsi alivyoyaburuza, akanikagua na mimi, akasema nimekonda. Nilimuuliza kama wamebaki na za kutosha nyumbani. Akasema nyumbani siku hizi ni mlenda, na mlenda haumsumbui mtu kutafuna. Mama alitazama pembeni.

Tulikula mbaazi mchana, tukala mbaazi jioni. Kufikia katikati ya muhula zilikuwa zimeingia wadudu, wale weusi wadogo wanaoelea juu ya mchuzi, na bwaloni kulikuwa na manung'uniko ya kila siku. Kitanda cha karibu na changu alilala Neema, binti wa ofisa mmoja kutoka Dodoma, msichana mwema ambaye hakuwahi kukosa kitu na kwa hiyo hakuwa na chuki na mtu. Jioni moja alisukuma sahani yake mbali, akaniuliza, kwa kutaka kujua tu, maana alisikia ninatoka huko huko zinakotoka:

"Rehema, hivi kwenu mnakula hizi kila siku?"

"Mwaka huu hawali," nikamwambia. "Wamezileta huku."

Alinitazama, akaitazama sahani. Aliivuta karibu, akaanza kutoa wadudu mmoja mmoja na kuwapanga ukingoni kwa ncha ya kijiko, kwa uangalifu mkubwa, kisha akala mpaka akamaliza. Mimi sikuwatoa. Nilikula zote, na wadudu wao.